Bakora Iliyoangalia Mkiani

Shule niliiacha darasa la pili, na sioni haya kulisema. Kusoma nasoma, kuandika naandika, na fedha yangu ya alizeti sikufundishwa na mtu kuitafuta. Lakini hundi nilifundishwa, na aliyenifundisha ni mwanamke wa dirishani pale benki, Singida Mjini. Namsifu mpaka leo.

Nilikuwa nataka mashine ya kukamua alizeti. Miaka yote tulipakia magunia hapa Issuna, yakakamuliwa mjini, mafuta na mashudu yakawa ya wengine. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akawa anauza yake. Fedha mkononi hataki, alishawahi kuporwa. Nikamwandikia hundi, ya kwanza katika maisha yangu, mezani kwangu, nimevaa na koti.

Kesho yake akapiga simu.

"Mzee wangu, hundi yako imekataliwa."

"Imekataliwa na nani? Fedha imo!"

"Wanasema sahihi si yako. Sikiliza, hapa kuna mtu wa Manyoni, kaja na gari la kubebea kabisa. Nakusubiri mpaka Alasiri. Nikishaswali, naiachia."

Nikapanda basi nikiwa nimekasirika hasa. Mashine ilikuwa inaondoka, na juu ya hayo nilikuwa nimeitwa tapeli kwa adabu.

Mama yule wa dirishani alikuwa ananifahamu. Ndiye aliyenifungulia akaunti, na kila nikiweka fedha za mavuno tunasalimiana. Nikaupita mstari wa watu nikasimama mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe unanijua mimi?"

"Nakujua sana."

"Sasa kwa nini umeikataa hundi yangu?"

"Wewe nakujua, baba. Sahihi ndiyo siijui. Na rudi kwenye mstari, wenzako wamekuja asubuhi."

Watu wakacheka. Kwetu Issuna hakuna anayeniambia rudi. Nikarudi.

Zamu yangu ilipofika akaniwekea karatasi tupu. "Weka sahihi." Nikaweka. Akaitazama, akatazama ile ya kwenye kadi yao. "Hii ndiyo. Sasa ile ya kwenye hundi aliiweka nani?"

"Mimi."

"Mbona imegeuka?"

Hapo ndipo nikaelewa, nikamweleza. Sahihi yangu ni chapa ya ng'ombe wa marehemu baba: bakora moja imesimama, na kichwa chake kimepinda. Ng'ombe wa kubaki zizini kwetu alipigwa chapa ubavu wa kulia, bakora inaangalia kichwani. Anayekwenda kutunzwa kwenye boma la mtu mwingine, bakora inaangalia mkiani, ili kila anayemwona ajue analala ugenini. Siku ya kufungua akaunti fedha ilikuwa inaingia nyumbani, nikachora ya kichwani. Kwenye hundi fedha inatoka. Ningechoraje nyingine?

Mama yule hakunicheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Baba, hapa benki ng'ombe hana mkia. Atoke, aingie, chapa ni moja. Ukigeuza, mimi najua kaibiwa."

Nilipenda jibu lile. Baba angelipenda.

Nikamwambia basi apitishe, si tumeshaelewana? Akakataa. Nigeuze kwa kalamu? Akakataa zaidi: hundi haifutwi wala haichorwi juu, unaandika nyingine. Akatazama saa ya ukutani, akanionyesha meza ya pembeni. "Kaa pale uandike, baba. Ukimaliza niletee niione kabla hujampa mtu."

Nikaandika. Tarehe ya siku ile. Jina la muuzaji lote, kama lilivyo kwenye akaunti yake. Kiasi kwa maneno, kisha kwa tarakimu. Nikampelekea. Akaweka kidole kwenye nafasi niliyoacha kabla ya neno la kwanza.

"Hapa mtu atachomeka neno lake, maskini wewe usijue. Anzia ukingoni kabisa. Ukimaliza andika 'tu', halafu piga mstari mpaka mwisho. Tarakimu zibanane."

"Umenichosha, mama."

"Mashine unaitaka au huitaki?"

Nikachana ile, nikaandika ya tatu. Maneno kutoka ukingoni, tu, mstari mrefu. Mistari miwili kwenye kona, iingie kwenye akaunti ya muuzaji na si mfukoni mwa mwokotaji. Mwisho bakora yangu, inaangalia kichwani. Akaisoma yote, polepole, na watu wananung'unika nyuma yangu. "Hii hata ukiipeleka Dodoma italipwa," akasema. "Anayefuata!"

Nilimkuta muuzaji anatawadha. Yule wa Manyoni amekaa juu ya mashine yenyewe, anakula karanga. Muuzaji akaipokea hundi kwa mkono uliolowa, nikamkemea aukaushe kwanza. Akapiga simu benki, akasikiliza, akamgeukia mwenzangu. "Shuka, bwana. Umekalia mali ya watu."

Mashine ikafika Issuna jioni ile. Mavuno yalipokwisha nikampelekea yule mama dumu la mafuta ya kwanza. Akalikataa palepale dirishani, mbele za watu: mteja hampi zawadi mtu anayemshikia fedha. Jumamosi akaja mwenyewe kwa bodaboda, kanunua madumu mawili kwa bei ya kila mtu. Akaiona chapa niliyoipaka rangi ubavuni mwa mashine, akauliza inaangalia wapi.

"Kichwani," nikamwambia. "Hii hailali kwa watu."