Usile Halwa Kabla Hujaizima Mashine

Siku ile ya kisiwani Ndau naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka kahawa hunipoa mkononi. Nimeona mengi mimi. Nimechimba visima kwa sururu katika visiwa hivi kabla hujazaliwa, nikateremka mashimo ambayo ukitazama juu waiona mbingu kama sahani. Nimeona kuta zikiporomoka, watu wakakimbia. Lakini chuma kumshukia mtu polepole, bila mlio, bila kuguswa na mtu, hilo sikupata kuliona kabla ya siku hiyo, na namuomba Mola nisilione tena.

Nakuandikia kwa sababu nasikia wewe na wenzako mwataka kununua ekskaveta ndogo, mashine hizi za kuchimba ziwezazo kupita vichochoroni. Vizuri. Sina ugomvi na mashine. Mimi skuli niliiacha darasa la tatu, na leo nina mashine zangu mwenyewe, wala hakuna aliyenishika mkono. Basi nisikilize. Ukiona maneno makali, yameze hivyo hivyo, hayatakuua. Yaliyoko huko kwenye mashine ndiyo yaweza kukuua.

Aliyenunua mashine hiyo ni Shee, ndugu ya mke wangu, mwamu wangu. Mtu mwema, hakosi msikitini, na kwa kuunda mashua hakuna wa kumfikia pale Pate. Balaa lilianzia hapo hapo. Shee alikwenda kununua mashine kwa macho ya mtu anayenunua mashua.

Wajua desturi yetu. Mashua hainunuliwi kimya kimya. Mwenyewe hutandika mkeka, wazee wakaitwa, kahawa ikaja na halwa, ikasomwa Fatiha. Fatiha ikishasomwa, midomo imefungwa. Atakayetoa kasoro baada ya hapo amemvunjia mwenyeji heshima, na jina lake litatembea mji mzima. Kwa mashua sioni ubaya. Mashua tumekua nazo. Ubao mbovu twaujua kabla hatujavua viatu kukaa mkekani. Mashine hatukukua nazo.

Tulikwenda Amu, mjini Lamu, mimi na Shee, kwa muuzaji mmoja aliyeitwa Bwana Athumani. Tulipofika, mashine ilikuwa tayari inanguruma. Kumbuka jambo hilo, mwanangu. Bodi yote ilikuwa imepakwa mafuta ya papa, kama tunavyopaka mashua, inang'aa mpaka inatia uchu. Shee akaipapasa ubavuni kama anayepapasa punda wa mashindano.

"Tazama, mwamu," akanambia. "Mtu aliyeitunza namna hii hakuficha kitu."

"Mafuta ya papa yazuia kutu," nikamwambia. "Hayaponyi jeki."

Jeki ni ile mikono ya chuma inayong'aa, inayoingia na kutoka ndani ya bomba, ndiyo inayoinua na kushusha mkono mkubwa. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kwa nguvu, na mna mipira, sili, inayoyazuia yasipenye. Haya sikuyasoma popote. Ujana wangu nilifanya kibarua cha barabara kule bara, kazi yangu ikiwa kupaka grisi. Fundi akimaliza kazi alikuwa anainua mkono wa mashine, anazima injini, kisha anavuta kigogo anakaa. Nilidhani amechoka. Kumbe anatazama. Mkono ukibaki palepale, sili nzima. Ukishuka, hata kidogo kidogo, sili zimekwisha.

Basi nikaikagua. Sikuionea. Nilimwambia Bwana Athumani achimbe, ikachimba vizuri, na mkono ulifika chini vya kutosha kwa kazi aliyoitaka Shee. Nikamwambia anyanyue jiwe mbele, ikanyanyua bila taabu. Alipozunguka nalo ubavuni, mnyororo wa kutembelea wa upande wa pili ukaachana na ardhi. Hilo si ugonjwa, ni mpaka wa nguvu zake. Mashine ndogo ni ndogo, yataka kuheshimiwa. Moshi haukuwa wa buluu, kwa hiyo injini haikuwa inakula mafuta. Pini za ndoo, hii ndoo ya kuchotea mchanga, zilikuwa zimelegea na zinagonga, lakini pini hubadilishwa. Yote hayo niliyasema waziwazi.

Kisha nikasema, "Bwana Athumani, inua mkono mpaka mwisho, uizime, tukae tuutazame."

Wakati huohuo sinia ya halwa ikatoka ndani.

Bwana Athumani akacheka. "Mzee, wewe umekuja kununua au umekuja kuposa? Karibuni mkekani, halwa ya moto hii!"

Watu wakacheka. Shee akanishika mkono. "Mwamu, usinitie haya. Watu washatandika."

"Mkeka hauchimbi shimo."

"Najua. Yeo tu, siku moja hii, nakuomba."

Nikalisema tena, kwa sauti, wakalisikia wote. Mzee mmoja akanikata jicho, akafungua mikono, Fatiha ikaanza. Wangekula hata jiwe siku hiyo kuliko kumvunjia mwenyeji heshima. Mimi halwa yao sikuigusa, na huko nyuma wakanisema kuwa nina kiburi. Ninacho. Mashine ikatoka pale haijazimwa hata mara moja, ikapakiwa jahazini usiku uleule ikinguruma vilevile.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Ndau, kuchimba jabia. Nyinyi wa maji ya mabomba labda mmesahau: Ndau maji matamu ni ya mvua, na jabia ndilo birika kubwa la chini ya ardhi la kuyawekea. Kijiji kizima kilikuwa kinalisubiri. Tuliiteremsha mashine kwa mbao maji yalipokupwa, ingali inanguruma tangu Amu, watoto wakaishangilia, na asubuhi ile Shee akachimba shimo ambalo mimi na vijana wangu tungelichimba mwezi. Nasema kweli, nilifurahi. Nikaona labda ulimi wangu ulikuwa mrefu bure.

Fundi wa mawe alikuwa kijana wa hapohapo Ndau, Kombo, aliyetakiwa kuzijenga kuta za jabia. Alikuwa na homa tangu alfajiri lakini hakutaka kubaki nyumbani. Adhana ya adhuhuri ikalia. Mimi nikatangulia msikitini. Kombo akasema hana nguvu ya kutembea, ataswali palepale shimoni. Shee akazima mashine, akaruka chini, akatufuata mbio asikose rakaa. Mkono akauacha juu, ndoo inaning'inia katikati ya shimo.

Ndau saa saba wajua jua lake. Shimoni mlikuwa na kivuli kimoja tu, cha ile ndoo. Kombo akaswali, kisha akajilaza kivulini na homa yake, akalala.

Tulikuwa tumetoa salamu, tunavuta tasbihi, aliposikika mwanamke anapiga ukelele njiani. Tulikimbia bila viatu. Niliiona ndoo iko chini, nami niliiacha ikiwa juu. Kitini hakuna mtu. Injini kimya. Mkono wote umeshuka peke yake, taratibu, kama mtu anayeinama kuokota kitu, na chini yake ni Kombo, mguu wake wa kushoto hauonekani. Alikuwa ametutolea macho. Hakuwa akilia. Alisema tu, "Niondolesheni kitu hiki."

Shee akapanda kitini, akazungusha ufunguo. Mashine ikajibu tik. Akazungusha tena. Tik. Ndipo nilipoelewa kwa nini tuliikuta inanguruma kule Amu. Nyaya za chaji zilikuwa zimeliwa na chumvi, betri haipati kitu, na mashine ikishazimwa haiwaki. Na isipowaka, mkono hauinuki. Yaani zile kasoro mbili zilizofichwa pale mkekani zilikuja kukutana juu ya mguu wa mtu mmoja.

Shee aliendelea kuuzungusha ule ufunguo huku amefumba macho. Nikampigia kelele, "Wacha! Teremka uchimbe!"

Tukachimba. Kwa vidole, kwa vifuu, kwa sahani za wali walizotupa wanawake kutoka juu. Mtu mmoja alikimbilia pwani kutoa betri ya boti. Chini mlikuwa mchanga laini, na mchanga huo ndio uliomsitiri, kwani mguu ulizama badala ya kusagika. Tulimtoa kabla betri haijafika. Mfupa ulikuwa umevunjika, mguu umekuwa rangi nisiyoipenda kuitaja. Boti ikamkimbiza hospitali Amu. Mguu haukukatwa, alhamdulillahi, ila haukurudi kuwa mguu.

Nilimfuata Bwana Athumani. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, nikijua atakataa. Hakukataa, na hapo ndipo aliponimaliza.

"Nalijua," akanambia, amekaa barazani kwake ametulia. "Mimi huushusha mkono kabla sijazima, na betri naitoa kwenye boti. Miaka yote nimefanya kazi hivyo. Nyinyi mulikula, mukasoma, mukaondoka. Nani aliyeniuliza?"

"Mimi nalikuuliza."

"Wewe hukuwa mnunuzi."

Nilirudi Pate nimeduwaa. Mtu ajua, alala usingizi wake, aamka, aswali.

Lakini ngoja, sijafika. Baada ya Kombo kuanza kutembea na fimbo, nilipita asubuhi moja kwa Shee. Kabla sijaufikia ua nikasikia mashine inanguruma. Nikaingia. Shee amekunja mikono ya shati, ana kitambaa na kopo la mafuta ya papa, anaipaka bodi. Mkeka umetandikwa. Kijana mmoja mnunuzi kutoka Shela, anayetaka kuchimba misingi ya nyumba za wageni, amekaa na baba yake, wanamiminiwa kahawa.

Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Shee, aliyelia shimoni mpaka akapoteza sauti!

"Mwamu," akaninong'oneza, hanitazami, "nami nimepata hasara. Nifanyeje?"

Nilifungua mdomo nimtukane. Sikuwahi. Mlangoni ilisikika fimbo, akaingia Kombo. Habari za mashine kuuzwa zilikuwa zimemfikia Ndau, akapanda boti akaja. Akasalimia, akaitikiwa. Akaupita mkeka, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya mkono wa mashine uliokuwa umeinuliwa, akajishusha kwa taabu na fimbo yake, akakaa mchangani, akaunyosha mguu wa kulia.

"Bwana Shee," akasema, "mkono uko yuu. Haya, izime, mgeni aone. Wa kushoto nishautoa. Huu bado mzima, tuujaribie."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana wa Shela akaweka kikombe chini. "Kwani kuna nini?" akauliza.

Shee alikuwa amepanda kitini, ameshika ufunguo. Niliuona mkono wake, ulikuwa hauendi mbele wala nyuma. Kombo hakuondoka, alimtazama tu. Mwisho Shee akaushusha mkono wa mashine kando, mbali na Kombo, akateremka, akakaa ukingoni mwa mkeka, akawaeleza wageni kila kitu: jeki, nyaya, shimo, mguu. Alipomaliza, baba yake yule kijana alimwinamia Kombo akamshika mkono kumwinua, na machozi yalikuwa yakimtoka mzee wa watu, mtu asiyemjua Kombo hata kwa jina.

Shee alileta fundi, sili zikabadilishwa na nyaya zikavutwa mpya. Kijana wa Shela akarudi akainunua. Safari hiyo aliizima mwenyewe, tukakaa tukautazama mkono mpaka chai ikaisha. Haukusogea.

Basi mwanangu, nakwambia waziwazi, nisije nikafa nikaulizwa. Ukienda kununua mashine, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Iwashe ikiwa baridi, izime, iwashe tena. Fuata nyaya kwa kidole mpaka mwisho, maana kwetu huku chumvi hula nyaya kabla ya kitu kingine chochote. Bodi ikiwa imepakwa mafuta, ifute, utazame nyufa kwenye viungo na unyevu kwenye jeki. Inua mkono, zima, ngoja. Wakikucheka, ngoja. Wakikwambia huna adabu, waambie nimekutuma mimi. Adabu ya kweli ni kwa yule atakayekaa chini ya ndoo, ambaye hakualikwa mkekani na hana habari mlikubaliana nini. Na hata ukiwa nayo nzima, usiizime mkono ukiwa juu. Ulaze chini, kisha ndipo uende ukaswali.

Na siku ya kuuza ikifika, nayo itafika, sema ubovu wake kabla hujaulizwa. Usingoje mtu aje na fimbo.

Mola akupe riziki isiyomuumiza mtu, aibariki mikono yako na wanaochimba pamoja nawe, na kila unayeteremka naye shimoni akujaalie upande naye juu, nyote kwa miguu yenu. Amin.