Matofali Mabichi ya Shangazi Yustina

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje kidogo ya Kongwa, watu waliogopa kuacha matofali mabichi uwanjani msimu wa mvua ukikaribia. Tuliambiwa kwamba mwenye matofali mabichi huomba jua moyoni, hata kama mdomoni anaomba mvua pamoja na wenzake kanisani, na kwamba mawingu husikiliza moyo. Fikra hiyo ina akili kwa namna yake, na ndiyo maana naichukia. Ujinga mtupu ningeusamehe.

Shangazi yangu Yustina, dada yake baba, alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Akapewa tembe kuukuu pembeni ya boma letu, paa lake la udongo limebonyea katikati, ukuta wa nyuma umeegemezwa magogo. Alisema wazi kwamba msimu mwingine wa mvua ukimkuta ndani ya tembe ile utamwua. Kwa hiyo, baada ya mavuno, akaanza kufyatua matofali ya nyumba yake. Alifyatua peke yake, kwa kibao kimoja, udongo wa kichuguu na maji ya lambo aliyoyabeba kichwani ng'ombe wakishakunywa. Kazi ikaenda kwa kusuasua. Wenzake walipokuwa wameshachoma ya kwao, yake bado yalikuwa uwanjani, yamefunikwa nyasi, yakingoja kuni za tanuru.

Kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Desemba ikiingia watu wamekwisha kuberega, yaani kusafisha shamba bila kulima, na kufukia uwele katika udongo mkavu. Mbegu inalala humo ikisubiri. Mwaka ule ilisubiri mno. Krismasi ikapita jua likiwaka. Sisimizi wakafukua mbegu, kanga wakamalizia, na ghalani hapakuwa na nyingine. Tulikula mlenda mwingi na ugali kidogo. Hofu ile ilikuwa ya kweli, wala siidharau. Kinachonitapisha ni mahali ilipopelekwa.

Jumapili tulifunga na kuomba. Jumatatu asubuhi mama alivaa kaptula ya baba.

Ndiyo mila ya Kigogo mvua ikikataa: wanawake huvaa nguo za waume zao, hushika fimbo za kuchungia na hutoka kwenda kuitoa nuksi kijijini, na wanaume hujifungia ndani wasiwaone. Baba naye alijifungia. Kati ya nyumba yake na uwanja wa dada yake palikuwa na ua wa miiba tu, na sauti zote zilipita. Sisi watoto wa kike hatukukatazwa, kwa hiyo nilifuata nyuma nikidhani naenda kuangalia ngoma.

Aliyeongoza alikuwa Bibi Mbeleje, jirani yetu, ambaye siku moja kabla alikuwa ameongoza kwaya.

"Mbukwenyi," shangazi aliwasalimu, ameshika jembe.

"Yustina, fungua mvua," alisema Bibi Mbeleje.

"Bibi, nimeifungia wapi mimi? Nipeni siku chache nipate kuni, nichome."

"Uchome, moshi ufukuze na haya mawingu machache?"

Shangazi akamgeukia mama yangu. "Wifi, na wewe?"

Mama alitazama chini. "Yamwagie maji tu, wifi, yaishe."

Walikuwa wamekuja na maji. Ndama walikuwa wakilia kwa kiu zizini, lambo limebaki tope, na watu hawa walikuwa wamechota maji ya mwisho kabisa, yenye rangi ya chai ya maziwa, ili wayamwage ardhini wapate mvua. Hata utotoni niliona hilo ni jambo la kipuuzi. Wakamlazimisha ayamwage mwenyewe, kisha ayakanyage matofali yake kwa miguu yake mpaka yarudi kuwa udongo. Walipoona analia, waliimba kwa sauti zaidi. Halafu wakachota tope lile wakampaka kichwani, puani, mdomoni. Mama naye alichota. Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nawaambia linakula, tena linalamba na sahani.

Kesho yake alasiri ikanyesha.

Vigelegele vilisikika kila boma. Harufu ile ya mvua ya kwanza, ambayo kila mtu huisifu, mimi hunichefua hadi leo. Usiku uleule tembe ya shangazi ilibomoka. Wakamtoa chini ya magogo akiwa hai, mguu umevunjika, nao uliunga vibaya. Akahamia jikoni kwetu.

Nilidhani wataona aibu. Baada ya mavuno walimletea uwele wa shukrani! Mvua ilikuwa imewathibitishia kwamba ndiye aliyeifunga. Na miaka iliyofuata, kila ilipochelewa, walewale walimjia na kuku, wakapiga magoti, wakamwomba afungue. Mwanzoni aliwafukuza. Baadaye alichoka, akawa anapokea kuku na kusema, "Nendeni, itanyesha." Watoto walikatazwa kula kwake. Hakuna aliyejitolea kumfyatulia hata tofali moja. Alifia jikoni humo, hajajenga.

Siku hizi nafundisha jiografia Dodoma mjini. Nawachorea wanafunzi ramani: Bukoba yenye mvua karibu mwaka mzima, pwani yenye vuli na masika, na sisi wa uwanda wa kati na kimsimu chetu kimoja. Kisha nawaambia ramani hiyo inahama. Vuli za Tanga hazieleweki tena. Kwetu mvua huchelewa hadi Januari, ikija inapiga kwa hasira, inachimba makorongo, kisha inatokomea uwele ukiwa unafika magotini. Nawaeleza habari za joto la dunia na bahari. Wanaandika vizuri, wanafaulu. Mwaka jana mwanafunzi wangu bora aliniambia, tukitoka darasani, kwamba kijijini kwao mvua imefungwa na mzee mmoja aliyetandaza sola bati zima.

"Zinakula mawingu, Mwalimu. Vijana wamepanga kwenda kuongea naye."

Nilimwuliza wanakwenda na nini mkononi.

Wingu halishikiki, mtu anashikika. Tena hashikwi mtu yeyote tu. Mwaka ule wa shangazi, tajiri mmoja alikuwa na matofali mabichi ya maduka yake kando ya barabara, mengi kuliko ya kijiji kizima. Hakuna mwanamke aliyevaa kaptula kumwendea.

Mama sasa ni mzee, anaishi kwangu. Mwezi uliopita, mbingu zikiwa kavu, alisema kwa uchungu wa kweli, "Laiti wifi yangu angekuwapo, tungemwomba."

Nilishindwa kuvumilia. "Mama, mlimwua yule."

Hakukasirika. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, mvua ilinyesha au haikunyesha?"

"Ilinyesha, mama. Ingenyesha tu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto mgumu wa kuelewa. Chakula kilikuwa tayari. Akanyoosha mikono ili nimnawishe, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Nampenda mama yangu. Nilimmiminia maji, nikamsugua kiganja kimoja baada ya kingine kwa kinyaa, viganja vilevile vilivyochota tope.