Mtahini Aliyefeli Kabla ya Saa Nne Asubuhi

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika kazini. Watu walimwita Bwana Rudi-Tena, maana hayo ndiyo maneno aliyowaambia wengi wao walipokuwa wakishuka garini jasho likiwatoka. Miaka ishirini na saba alikaa kiti cha abiria, ubao wa kuandikia magotini, akiwatahini wanaotaka leseni ya udereva. Usipotazama kioo kabla ya kuondoa gari, alama imekwenda. Ukigusa koni ukirudi nyuma, imekwenda nyingine. Fomu ilikuwa na alama thelathini, na aliyeshuka chini ya ishirini na nne alirudi kwao kwa miguu. Wala usijisumbue kumchekea au kumtajia mjomba wako mkubwa wa ofisi fulani. Alikuwa mkavu kama mkate wa juzi.

Upendeleo hakuujua kabisa. Mkewe mwenyewe alimfelisha mara tatu. Ndiyo, mkewe, aliyemzalia watoto wanne na kumpigia pasi shati alilolivaa siku hiyo hiyo. Mara ya nne mama wa watu akaenda kutahiniwa na ofisa mwingine upande wa pili wa mji, akafaulu, akarudi anaendesha, akaegesha mbele ya dirisha la sebule. Alipiga honi mara moja tu, akaingia jikoni kuendelea na shughuli zake.

Kanisani alikuwa msimamizi wa mlangoni. Aliwapanga watu kwenye mabenchi, akawakazia macho wenye simu zinazolia. Mahubiri ya hukumu ya mwisho ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Mhubiri akisema kila mtu atasimama mbele za Mungu na hakuna litakalofichika, yeye aliitikia kwa kichwa, huku akiwapitia mmoja mmoja wale waliochelewa kuja.

Sasa, umebaki mwaka mmoja astaafu, moyo ukaanza visa. Ngazi za ofisini, ambazo alizipanda miaka yote bila kuzifikiria, zikamshinda katikati. Daktari akapima, akasema mishipa imeziba, kifua lazima kifunguliwe, na nafasi ipo Jumanne. Wengi wanapona, akaongeza, ila si wote, na mzee aweke sahihi hapa. Akaiweka. Njiani kurudi nyumbani akagundua kwamba anaogopa. Kisu chenyewe hakikumsumbua sana. Kilichomtia kiwewe ni kwamba kisu kikikosea, ile hukumu aliyokuwa akiiitikia kwa kichwa kila Jumapili itakuwa yake.

Mtu mwingine angefunga na kuomba. Yeye alifungua kabati, akatoa fomu.

Usicheke, ndivyo alivyojua kupima mambo. Jumamosi asubuhi akaketi mezani, akaandika tarehe, akaanza kujitahini mwenyewe tangu alipoamka. Alimkaripia mkewe kwamba chai imepoa, na chai aliiacha mwenyewe. Alama moja. Dada yake alipiga simu, naye akaitazama simu ikilia mpaka ikachoka. Nyingine. Gari la jirani lilikataa kuwaka, akafurahi kidogo, halafu akafurahi sana, na kwa kuwa alikuwa mtahini wa haki akajikata alama mbili. Ilipofika saa nne kasorobo alikuwa na ishirini na tatu. Siku ilikuwa haijapamba moto, na Bwana Rudi-Tena alikuwa amefeli.

Jumapili akachukua fomu mpya, akaiita mtihani wa marudio. Huo haukufika hata wimbo wa pili. Mama mmoja aliingia na kofia pana kama sinia, na mambo yaliyompitia mzee wetu kichwani pale mlangoni hayaandikiki.

Mchana huo mkewe alimkuta kaketi kitandani, fomu kaigeuza upande wa nyuma, kalamu imesimama. Begi la hospitali lilikuwa wazi sakafuni, na mkewe alikuwa na mikono imejaa nguo za kukunja.

"Baba watoto, tangu jana unaandika. Unamwandikia nani?"

Akampa karatasi. Kulikuwa na mstari mmoja tu: Yule dereva aliyecheka.

Ikabidi amweleze. Miaka kumi na moja iliyopita alimtahini kijana wa watu aliyeendesha vizuri kuliko yeye mwenyewe, hakukosea hata kidogo, ila alikuwa na kucheka-cheka. Alicheka kwenye mzunguko, akacheka akiegesha. Mtahini alijiona anadharauliwa, akamtungia makosa saba. Kijana akaacha kucheka, akasema alikuwa ameahidiwa kazi, mwisho wa kuripoti ni Ijumaa. Mtahini akamwambia arudi tena baada ya mwezi. Hakumwona tena.

"Nilijua nimedhulumu," akasema. "Nilijua palepale. Na sasa nitakwenda kuulizwa, nami sina jibu."

Mkewe akaziweka nguo chini. Hakumwambia kwamba si kitu, maana ilikuwa kitu.

"Mtafute umwombe radhi, ukipata uhai. Tena mimi nitakusaidia kumtafuta."

"Na nisipopata uhai? Wewe, mama, ukifa leo unajua unakwenda wapi?"

"Najua."

"Kwa sababu umekuwa mwema?"

"Mimi? Mwema? Hebu kamuulize dada yako."

Mzee akataka kucheka, kicheko kikagoma.

"Mume wangu," akasema mkewe, "miaka yote unasimama pale mlangoni, hivi ulikuwa unasikia nusu ya mahubiri? Hukumu ipo, na ni kali kuliko wewe. Kufaulu kwake ni thelathini juu ya thelathini. Wewe huna, mimi sina, mhubiri naye hana. Yesu ndiye aliyezipata zote, akatupa sisi zake, na kufeli kwetu akakubeba yeye. Unamwamini, basi. Ndiyo maana mimi nalala."

"Huo ni upendeleo."

"Ndiyo. Ni upendeleo. Wewe ulidhani ni nini?"

"Na haki iko wapi? Aliyekosa lazima afeli."

"Alifelishwa mtu. Alipigwa misumari. Unataka wafelishwe wangapi kwa kosa moja?"

Mtahini alitafuta kasoro katika maneno hayo kama alivyozoea kumtafutia dereva kasoro, asiione, na bado hakuweza kukubali. Mtu apewe tu, hajafanya chochote? Alimwambia mkewe kwamba kwa umri wake hawezi kuanza kupokea asichokitolea jasho.

"Haya," akasema mkewe, akaokota nguo zake. "Endelea kujitahini. Fomu kabatini zipo tele."

Jumanne asubuhi wakamvalisha gauni lile lililo wazi mgongoni, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamsukuma mpaka chumba cha upasuaji. Palikuwa na baridi, taa kubwa juu, vyuma vimepangwa kwenye kitambaa cha kijani. Daktari mpasuaji akamwinamia, macho tu yakionekana juu ya barakoa. Mzee alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

"Daktari, niambie nifanye nini," akasema. "Nibane pumzi? Nikae vipi? Nataka nisikosee."

"Wewe?" Daktari akashangaa. "Mzee wangu, hapa wewe huna kazi. Kazi yote ni yangu. Wewe jiachie tu."

Bwana Rudi-Tena akaitazama ile mikono yenye glavu. Akawaza kwamba yuko tayari kumkabidhi moyo wake mtu ambaye hata sura yake hajaiona. Machozi yakamtoka, yakashuka pembeni mpaka masikioni, hakuyafuta. Kwa sauti ya chini, lakini kila mtu mle ndani aliisikia, akasema, "Bwana Yesu, nimefeli. Nipe ya kwako. Nimekuamini."

Kitanda kikaacha kulia.

Daktari wa usingizi anaisimulia mpaka leo. Anasema aligeuka kuchukua sindano yake, na alipomrudia mgonjwa alimkuta keshalala, anakoroma, na dawa bado iko yote mkononi.