Mistari Thelathini ya Herminia

Kwa miaka ishirini na minane Herminia Zaldívar aliushika ukurasa wa utamaduni wa gazeti moja la Zaragoza, na ulimi wake ulikuwa wembe. Yeye pia aliandika riwaya nne. Hazikusomwa, na hilo ndilo donge lililomkaa kooni maisha yake yote.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa jokofu. Ndivyo chumba cha habari kilivyoliita faili la taazia za watu ambao bado wanapumua, zilizoandikwa mapema ili kifo kisiwakute wahariri mikono mitupu. Mistari thelathini kwa kila mtu, haizidi. Mshairi mmoja alimfuata mpaka mkahawani akimbembeleza amwongezee miwili.

"Kufa kwanza, bwana, halafu tutaona," alimjibu huku akitafuna zeituni.

Mkuki kwa nguruwe! Saratani ya ini ilipomlaza, alimpigia simu Benigno, aliyemrithi mezani.

"Nitumie yangu."

"Yako ipi tena, doña Herminia?"

"Usinifanye mtoto. Iliyo kwenye jokofu."

Macho yake yalikuwa yamefifia, basi aliyemsomea ni bintiye Nieves, aliyeacha kazi Bilbao miezi saba nyuma ili aje kumwogesha na kumlisha supu. Mhariri hodari, taazia ilisema. Tuzo, safari, ukali wake. Riwaya haikutajwa hata moja.

"Mwandishi wa riwaya," Herminia alisema. "Yuko wapi hapo?"

"Hayupo, mama."

Benigno akapigiwa tena, simu ikawekwa sauti ya juu.

"Mistari ni thelathini, doña Herminia, wewe mwenyewe ulitufundisha. Nikiingiza riwaya, nikate upi?"

Tuzo? Thubutu! Safari ya Havana? Aliipenda mno. Akamwambia bintiye amsomee mwisho.

"'Ameacha binti mmoja, Nieves,'" Nieves alisoma, "'aliyemuuguza hadi siku ya mwisho.'"

"Huo."

"Huo upi, mama?"

"Kwani huna masikio? Hapo majina manne yanaenea. Mwambie akate."

Nieves aliweka bakuli la supu chini, akafuta mikono, akaisogeza simu mdomoni.

"Kata wa mwisho," alisema. "Andika majina ya vitabu."

Alitaja la kwanza, akataja la pili. La tatu hakulijua, ikabidi amuulize mama yake.