Mgongo Rahisi Kuliko Mafuta

Pale Muhanzi, ambako boti hushusha mizigo kando ya ziwa, Eulalie alikuwa akibeba mabaki. Magunia ya unga wa muhogo kutoka Katana yalipakiwa kwenye pikapu ya maman Mwamvua, mfanyabiashara wa soko la Kadutu, na dereva wake Lucien akayapandisha mlimani. Yaliyokosa nafasi garini ndiyo yalikuwa riziki ya Eulalie. Alilifunga gunia kwa kamba, akaipitisha kamba kwenye paji la uso, akainama, akapanda nalo hadi sokoni. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Carine, aliyesoma sekondari.

Kisha mafuta ya magari yakapanda bei. Serikali ilipanga bei yake, wenye vituo wakasema bei ile ya chini inawaua, wakafunga pampu. Esanse, yaani petroli, ikahamia kandokando ya barabara, kwenye bido, madumu ya plastiki, za vijana wanaoitwa kadhafi, nao waliuza walivyotaka. Teksi zilipandisha nauli asubuhi, zikaipandisha tena jioni. Mwamvua alimwambia Lucien aegeshe gari uani, akashuka Muhanzi kwa miguu kumtafuta Eulalie.

"Maman Carine," alisema, "kuanzia leo mutabeba nyinyi. Ile gari inakula kunipita mimi."

Eulalie, Mungu amsamehe, alifurahi. Alipika nyama katikati ya juma. Alimshonea Carine sare mpya. Kanisani watu walipolalamikia bei ya mafuta, yeye aliinamisha kichwa, na moyoni akaomba pampu zisifunguliwe.

Furaha ile haikufika mbali. Malori yaliyoleta muhogo Katana kutoka Bunyakiri nayo yalikunywa mazutu, yaani dizeli, ya bei mbaya, na bei hiyo ikaingia kwenye kila kopo la unga, mpaka Eulalie akawa anabeba kutwa kitu asichoweza kukinunua. Halafu wakaja wanawake wa milima ya Kabare. Nauli ilikuwa imemeza mazao yao, wakaona heri wauze nguvu. Walijaa Muhanzi, kamba begani, wakimbembeleza Mwamvua kwa sauti za chini. Mwamvua hakuwa mtu mbaya. Aliutazama umati ule, akapunguza malipo. Baadaye akaongeza mzigo.

"Gunia na nusu," alisema. "Mwenye hawezi apishe mwenzake."

"Iko nzito, maman," Eulalie alisema.

"Najua iko nzito. Unaweza ama huwezi?"

"Naweza."

Mvua ilikuwa imenyesha. Karibu na soko, pale mlima unapokuwa mkali, mguu wa Eulalie uliteleza, akaanguka kwa ubavu, na kitu kikalia ndani ya kiuno chake kama kijiti kikavu. Lile gunia la nusu likapasuka. Unga ukatapakaa barabarani, mweupe juu ya tope.

Watu wakaja mbio. Eulalie alinyoosha mkono akidhani wanakuja kumwinua. Walipiga magoti kuuzunguka unga, wakachota ule wa juu ambao tope lilikuwa bado halijaufikia, kwa vitenge, kwa kofia, kwa viganja. Mama mmoja alimwomba kwa heshima asogeze mguu, maana alikuwa ameulalia unga.

Lucien alikuwa miongoni mwao. Tangu gari liegeshwe hakuwa amepata kazi. Alichota mpaka mifuko ya koti ikajaa, ndipo akamtazama usoni.

"Unisamehe, maman Carine. Kwangu moto haujawaka tangu jana."

Alimfungua kamba, akalitoa lile gunia zima mgongoni kwake, akajitwika, akalifikisha kwa Mwamvua. Kuanzia siku hiyo nafasi ya Eulalie ikawa yake.

Mwamvua alikwenda kumwona mgonjwa, akampelekea sukari na sabuni. Alikaa kidogo tu.

"Unga wenye ulimwangika nimekuachia, hautalipa," alisema. "Lakini nafasi siwezi kukuchungia. Watu wako wengi."

Eulalie alimshukuru. 

Baada ya muda serikali ililegea, ikatangaza bei mpya, ya juu kuliko ile ya zamani, na pampu zikafunguliwa. Redio ikasema tatizo limekwisha. Mwamvua alipiga hesabu kwa bei hiyo, akaona migongo bado ni rahisi kuliko mafuta, akaiuza pikapu. Unga haukushuka.

Adhuhuri moja Carine aliingia nyumbani, sare ameikunja kwapani, paji la uso jekundu.

"Umetoka wapi?"

"Kwa maman Mwamvua. Amenipa nusu gunia. Anasema nikizoea atanipa nzima."

Eulalie aliinuka kwa kiwiko, akampiga kofi. Kutoka pale mkekani mkono wake ulifika kwenye goti la mtoto tu. Carine hakulia wala hakusogea. Mama akalala tena chali, akiangalia mabati, akihema. 

"Leta kamba. Na mawese."

Alimpaka mawese pale palipochubuka, kisha akamvisha kamba na kuisukuma nyuma kidogo.

"Iweke hapa, kwa nywele. Ikikaa chini itakukata. Na mvua ikinyesha, usipande mbio."

"Kesho niamuke saa ngapi?"

"Mapema," Eulalie alisema. "Wale wa Kabare wanafikaka mapema."