Bakshishi ya Chini ya Mto

Nilifungua mlango nibadilishe mashuka, nikamkuta Katibu wa tawi la chama amepiga magoti kando ya kitanda cha mgeni, mkono wote umezama chini ya mto.

Jamani, mtu mzima na suti yake!

"Ndugu Katibu, umepoteza nini?"

"Nakagua mapato," akajibu, hana hata haya.

Ilikuwa 1971, Kilwa Masoko. Mimi Ziada, mjane, nilikuwa natandika vitanda kwenye nyumba ya wageni. Mshahara uliishia kwenye unga na mafuta ya taa. Kilichomweka mama yangu mgonjwa mjini, karibu na hospitali, ni zile shilingi mbili tatu wageni walizoacha chini ya mto. Bila hizo, ningemrudisha kijijini Kilangala akafe taratibu.

Sasa huyu Katibu Likwata, ambaye hajawahi kutandika hata mkeka wake mwenyewe, kaamka na fikra mpya. Bakshishi ni mshahara, kwa hiyo ikatwe kodi. Nusu nzima! Apewe yeye mkononi, risiti hakuna. Asiyetaka aache kazi.

Kimbelembele kikamzidi, akaitisha mkutano, akamwalika na mkaguzi wa chama kutoka Lindi aje aone anavyochapa kazi.

"Mtu akipewa kitu kwa sababu ya kazi yake, huo ni mshahara!" akanguruma. "Auite jina lolote analotaka!"

Watu wakapiga makofi, wajinga wale. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu Katibu, na wale kuku unaoletewa na watu wa kijiji cha Tingi wakija kugongewa mihuri barua zao?"

Akanikata jicho. "Kuku gani? Mimi sina kuku!"

Mkewe, Mastura, alikuwa amekaa na sisi akina mama. Akasimama. Maskini, alidhani mumewe kasahau.

"Baba Dadi, si wale kumi na wawili pale uani? Jana tu wameongezwa wawili."

Mkaguzi akafungua daftari. Azimio la chama tulilijua sote kwa moyo: kiongozi asiwe na mishahara miwili.

"Ndugu Likwata," akauliza kwa upole, "kwa hiyo una mshahara wa pili?"

Jasho likamtiririka hadi kwenye kola.

"Hapana, Ndugu! Hao... hao ni bakshishi tu!"

Tulicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mkaguzi akaandika, akafunga daftari, na kodi ya mto ikafia palepale. Mama alibaki mjini.

Na Katibu? Hakufukuzwa, msijidanganye. Kuku nao waliendelea kuletwa.

Siku hizi nawaona wasomi mkibishana humu mitandaoni kama bakshishi ya mhudumu ikatwe kodi. Labda ikatwe, mimi sijasoma. Ila anzeni na wanayopokea wakubwa, muone itakavyobadilishwa jina kabla ya adhuhuri.