Buba, Si Kaswende

Erastus karani alisoma ugonjwa wangu kwa sauti mbele ya wanawake thelathini na wanane, na ugonjwa alioutaja haukuwa wangu. Hilo ndilo kosa. Mengine yote yaliyonipata yalizaliwa na hilo.

Mimi ni Kache binti Nguma, mtu wa Rabai. Kusoma sijui. Shule ya misheni ilikuwa karibu na kwetu, hata kengele yake tukiisikia jikoni, lakini baba aliwapeleka ndugu zangu wa kiume, mimi akanipa mtungi. Alisema kalamu haichoti maji. Maneno haya ananiandikia Rosalia, binti ya rafiki yangu Agneta, na kila akimaliza ukurasa namwambia anisomee. Karatasi nisiyosomewa niliwahi kuibeba, na mtasikia ilinifikisha wapi.

Nilikuja Changamwe na mume wangu Mramba vita vilipoanza, yeye akapata kazi ya kupakua meli Kilindini, mimi nikapata ya kuchagua kahawa katika ghala lililo karibu na reli. Kahawa ilishuka kutoka bara kwa gari la moshi, nasi tukakaa sakafuni, kila mtu na ungo wake mapajani. Punje nyeusi nje, iliyotobolewa nje, kijiwe nje. Ukikaa mwaka, vidole vinajua kabla ya macho. Upande wa pili wa ghala walikaa wanaume saba, kahawa ile ile, nyungo zile zile, na mmoja wao alikuwa akisinzia mpaka ungo unamwangukia miguuni. Hao walilipwa mara mbili yetu. Nilimwuliza msimamizi sababu. Akasema, "Mwanamume ana nyumba ya kulisha."

Nikamwambia, "Na mimi jioni narudi wapi, mtini?"

Wenzangu walicheka, naye akacheka, na mshahara ukabaki pale pale.

Mwaka wa arobaini na saba ukaja mgomo. Wanaume walikataa kazi, bandari ikanyamaza, na sisi wa ghalani tukakaa nyumbani pamoja nao, tukala muhogo mkavu pamoja nao. Yalipotulia, wanaume wakaongezwa. Sisi hatukutajwa. Tajiri wa ghala aliona kwamba mwanamke ni rahisi kuliko mwanamume, akaandika wanawake zaidi, na tulipozidi kujazana akaogopa maradhi. Akatuma sote tukapimwe damu zahanati, na kila mtu alete karatasi yake kwa karani.

Yangu nilipewa Jumamosi, imekunjwa mara nne. Niliifunga katika pindo la leso kama mtu aliyefunga dhahabu. Maishani nilikuwa sijawahi kuwa na karatasi yenye jina langu. Jumapili nilikwenda nayo kanisani, nikamwonyesha mzee wa kanisa. Alijua kusoma Kiswahili, lakini ile ilikuwa Kizungu. Akaigeuza huku na huku, akaona muhuri, akasema, "Bwana asifiwe." Nikamwonyesha mama mwenye kuuza mbaazi. Nikamwonyesha na Mramba, naye akasema itunze isilowe. Watu wote wa kwetu walikuwa wameiona karatasi ile kabla ya Jumatatu, na hakuna aliyejua ilichokuwa nacho tumboni.

Jumatatu asubuhi Erastus alizikusanya, akapanda juu ya sanduku la chai pale mlangoni. Alikuwa kijana nadhifu, kasoma, suruali ina mkunjo wa pasi. Angeweza kumwita kila mtu pembeni. Alipanda juu ya sanduku.

"Kache binti Nguma!"

Kwetu pwani mtu akiitwa na mwenye kazi yake haendi kimya kama mbuzi. Nilisimama, nikakung'uta leso, nikaitika kwa sauti nzuri, "Abee!"

"Kaswende," akasema. Akaenda jina linalofuata.

Punje za kahawa zina sauti yake zinapopepetwa, kama mvua ndogo juu ya makuti. Ile sauti ilikatika. Nikakaa chini. Nilikuwa nimelisikia neno lile, nalijua ni ugonjwa wa aina gani na mtu huupata wapi, lakini nilidhani amekosea jina. Nikageuka kumtazama mwenye nalo. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Jambo lililoniumiza zaidi ni ile abee. Wanawake walisema, "Hakusingiziwa, aliitika mwenyewe." Kaswende likawa jina langu. Nikipita kisimani, mmoja anaita, "Kaswende!" na mwenzake anaitika, "Abee!" kisha wanashika viuno kwa kicheko. Ghalani palikuwa na mtungi mmoja wa maji na kata moja ya kibuyu, tukinywa sote. Siku ya pili nilikuta kopo la maziwa limewekwa kando ya mtungi, limetobolewa na kutiwa uzi. Hakuna aliyeniambia ni la nani. Nililichukua.

Mramba alizipata habari bandarini kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta anakunja mkeka.

"Umenipaka uchafu," akasema.

"Sijamjua mwanamume ila wewe. Kama ninao, uliuleta wewe na hizo meli zako."

"Mimi sijaitwa juu ya sanduku."

Akatwaa sanduku lake la mbao na taa, taa niliyoinunua mimi, akaenda kwa kaka yake Miritini. Tulikuwa tumeishi miaka kumi na sita. Hakuuliza hata naumwa wapi.

Basi nikaishi. Nikafanya kazi, nikanywea kopo langu. Agneta peke yake, mtu wa bara, mwenye kukaa ungo kwa ungo nami, ndiye aliyekuwa akisema nami kama zamani. Aliniambia, "Kwetu tunasema mdomo wa karani si mdomo wa daktari." Sijui kama kwao wanasema hivyo kweli, au alilitunga pale pale.

Mwaka uliofuata nilijikata mguu kwa jembe, nikaenda zahanati. Palikuwa na dresa mpya, msaidizi wa daktari, mtu mzima, jina lake Elkana. Alipokuwa anasafisha kidonda aligusa kovu langu la zamani kwenye muundi, kubwa kama sahani ya chai.

"Mama, hili ni la nini?"

"Buba, vile vidonda vya watoto. Nilikuwa mdogo. Nyumba nzima tuliugua."

Akalitazama tena kwa karibu. "Uliwahi kupimwa damu?"

Nikamweleza yote, na sanduku la chai, na kopo. Yule mzee aliweka pamba chini. Akasema, "Damu ya aliyeugua buba na damu ya mwenye kaswende, kwa kipimo chetu, ni mapacha. Hawatambulikani mpaka umwone mtu mwenyewe, umtazame, umwulize. Wewe ulitazamwa?"

"Nilichomwa sindano dirishani. Sikutazamwa."

Akaniandikia karatasi nyingine, na nikamwomba aiandike kwa Kiswahili. Akanisomea mara mbili: Kache binti Nguma aliugua buba utotoni, hana kaswende, wala hakuwa nayo. Nilimwambia Agneta peke yake, nikaitia kwenye mkebe wa biskuti, nikaufukia mkebe chini ya mahindi. Ilikaa huko miezi. Nilikuwa na dawa yangu na sikuthubutu kuinywa, maana wa kuisoma ghalani ni Erastus yule yule.

Mwanzo wa mwaka huu wa arobaini na tisa ndipo niliposikia habari za mataifa. Hapa karibu na njia panda pana mshonaji, Rashid, mzaliwa wa Mvita, mwenye kununua gazeti na kuwasomea wanaongoja nguo. Mimi humpelekea leso kushonwa hata isiyopasuka. Siku hiyo alisema mataifa ya ulimwengu yamekutana Ulaya, yameandika haki za watu wote.

"Mtu asiingiliwe siri zake, wala nyumba yake, wala barua zake, wala asivunjiwe heshima yake," akasoma.

"Rudia hapo, Rashid."

"Wallahi, mamangu, ndivyo ilivyoandikwa." Akarudia. Kisha akasoma, "Kila mtu apate matibabu."

"Matibabu nilipata. Yaliniponya mguu, yakaniua jina. Waandike na namna ya kutibu."

"Subiri, hili la kwako. Wafanyao kazi sawa walipwe sawa, pasipo ubaguzi."

Palikuwa na kuli mmoja anangoja suruali, amekaa na shuka kiunoni. Akasema, "Hee! Mwanamke akilipwa sawa na mimi, nani atapika?"

Nikamwambia, "Atapika mwenye njaa. Na wewe ukiwa huna suruali usiseme na watu wazima."

Rashid alicheka mpaka akaachia mguu wa cherehani. Wiki nyingine alitusomea kwamba Wazungu wa bara wanakataa kutiwa alama za vidole, ati ni kuvunjiwa heshima. Niliwaonea huruma kabisa. Mramba alivaa kipande, kile cheti cha kazi, shingoni miaka yote, kila aliyemwajiri anasoma aliyemfukuza alisema nini juu yake, na hakuna gazeti lililomlilia. Lakini nilisema moyoni, kumbe hata wakubwa wanajua kwamba jambo la mtu likisomwa na kila mtu linauma. Basi Erastus naye anajua.

Nilifukua mkebe. Asubuhi nikaenda ghalani mapema, watu wamekwisha kukaa, nikampa Erastus karatasi ya Elkana. Akaisoma kimya. Nikaona macho yanashuka, yanapanda, yanashuka tena. Akaikunja.

"Nimeona, mama. Basi, yamekwisha."

"Isome."

"Nimeisoma."

"Panda sanduku uisome."

Akatazama mlango. Akashusha sauti. "Mama Kache, ugonjwa wa mtu ni siri yake. Siku hizi hata mataifa yamekataza. Siwezi kusema siri yako mbele ya watu."

Wallahi, nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia, "Siri uliitoa wewe, ikatembea mpaka Miritini. Leo unanirudishia magae unaniambia nichotee maji?"

"Nitaandika kwenye kitabu," akasema.

"Sikusemwa kitabuni."

Nyuma yangu kahawa ilikuwa imenyamaza, kama siku ile. Agneta akainuka, punje zikamwagika kutoka mapajani mwake. Akaitwaa karatasi mkononi mwa Erastus, akapanda sanduku la chai. Agneta hajui hata herufi moja. Aliishika kichwa chini, mimi nauona muhuri umeelekea miguu yake, akakohoa kama mzee wa kanisa.

"Kache binti Nguma!"

Sikuitika. Nilikuwa nimeapa kutoitika abee ghalani tena.

"Kache binti Nguma, nakuita! Karatasi imesema buba! Buba ya utotoni, kovu liko muundini, asiyeamini aje apapase! Kaswende hana, hakuwa nayo, na aliyesema anayo akanywe maji ya kopo!"

Wa kwanza kucheka alikuwa mmoja wa wale wa kisimani. "Dada, umeishika kichwa chini!"

"Kichwa chini inasema buba, kichwa juu inasema buba," akajibu Agneta. "Ndiyo uzuri wa ukweli."

Walicheka wote, hata yule mwanamume mwenye kusinzia aliamka akauliza kuna nini. Kisha mwanamke mmoja wa Ribe, mama mtu mzima, akainuka bila kusema kitu. Mwenyewe alikuwa na kovu la buba begani, kila mtu alilijua. Alichota maji kwa kata, akaniletea kwa mikono miwili. Nikanywa yote. Maji ya kata yana ladha ya kibuyu, nilikuwa nimesahau. Kopo nililipeleka nyumbani, sasa kuku wangu wananywea.

Msinionee huruma sana, maana hali yangu si mbaya. Chumba ni changu na kodi naiweza. Nina kuku sita, na nyuma ya nyumba viazi vyangu vitamu vimetambaa mpaka kwa jirani, naye anachimba, nami najifanya sioni. Nalala katikati ya kitanda. Mramba alikuja baada ya kusikia habari za kata, kavaa kanzu safi, akasimama mlangoni.

"Nimesikia ilikuwa buba," akasema.

"Ndiyo."

"Basi naweza kurudi."

"Rudi na taa yangu, uiweke hapo, uende."

Taa aliileta. Juu yake sina dai tena.

Tajiri wa ghala ana deni langu. Ni ile nusu nyingine ya kila ungo tangu siku ya kwanza, na deni hilo ni la wanawake wote pale. Kama mataifa yamesema kweli, siku moja atalijua. Hilo naweza kulingoja na wenzangu.

La Erastus nangoja peke yangu. Bado ni karani, bado suruali ina mkunjo, na tukikutana ananiamkia vizuri kuliko wote, "Shikamoo, mama Kache," mapema kabla sijamfikia. Naitika marahaba. Shikamoo haikuwa deni. Agneta alinisomea kwa upendo, lakini hakuwa yeye aliyenivunja. Ninachomdai Erastus ni pumzi moja tu. Apande sanduku lile, kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale, aniite jina langu. Nitasimama, nitakung'uta leso, niitike abee. Kisha aseme buba.